Mkono wa kudai chenji: jinsi ya kujua sumaku inaisukuma chembe upande gani

Mwaka niliofanya mtihani wa kidato cha sita nilipoteza alama kwenye swali nililolijua kama njia ya kwetu. Elektroni, chembe ndogo yenye chaji hasi ya umeme, inapita kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambako nguvu ya sumaku inafika. Onyesha inapindia wapi. Kalamu ilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo nikainua wa kushoto. Nikapanga vidole vizuri kabisa kwa kanuni ya mkono wa kulia, ile inayoonyesha kwa vidole chembe chanya inasukumwa wapi, nikapata upande, nikakumbuka kwamba elektroni ni hasi, nikaugeuza, nikachora mshale. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. "Teremsha mkono," akaniambia, akidhani nampa mtu ishara. Nilipotoka nje ndipo nikashtuka: mkono wa kushoto ulikuwa umeshaligeuza jibu, nami nikaligeuza tena. Nilichora njia ya protoni, chembe yenye chaji chanya.

Siku hizi nafundisha tuisheni ya fizikia Mbagala. Chumba kimoja, mabenchi sita, feni inayozunguka ikipenda. Kila mwaka tukifika kwenye sumaku naona mikono ileile inapindishwa chini ya meza kwa siri, kama watu wanaoficha karata. Somo wanasoma kwa Kiingereza, lakini wakikwama wananiuliza kwa Kiswahili: "Ticha, huu mkono unaanzaje?" Jibu langu ni kwamba haianzi na mkono. Mkono unakuja mwisho.

Kwanza bandika karatasi ukutani

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Karatasi ikilala mezani, "juu" ni wapi? Ni upande wa juu wa ukurasa au ni darini? Niliwahi kuwaacha vijana wawili wa PCM, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, wabishane mpaka sauti zikapanda, na wote walikuwa sahihi, kila mmoja na juu yake. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni hili: karatasi haiko mezani. Ifikirie imebandikwa ukutani mbele ya uso wako, kama ubao. Juu ni darini, chini ni sakafuni. Kulia na kushoto ni kwako wewe unayetazama. Ndani ni kuzama ukutani, nje ni kukujia kifuani. Pande ni hizo sita, hakuna ya saba.

Kwenye michoro, uga unaozama ndani huchorwa kwa alama za msalaba, na unaotoka nje kwa nukta. Fikiria mshale wa upinde. Ukikukimbia unaona manyoya ya mkiani, yamekaa msalaba. Ukikujia unaona ncha tu, nukta. Ukiona nukta, kwepa.

Sasa andika sentensi tatu, kwa mwandiko, usizibebe kichwani: *Chembe inakwenda… Uga unaelekea… Chaji ni…* Ukipewa sumaku badala ya mishale, kumbuka kwamba nje ya sumaku uga hutoka ncha ya kaskazini na kuingia ncha ya kusini. Wengi wanaokosa maswali haya hawakosi kwa sababu ya vidole. Wanakosa kwa sababu sentensi ya pili hawakuwahi kuimaliza. Wanainua mkono huku hawajui uga unaelekea wapi, halafu wanaulaumu mkono.

Kabla hujaendelea, tazama sentensi mbili za mwanzo. Kama chembe na uga vimelala kwenye mstari mmoja, vikielekea upande mmoja au vikikutana uso kwa uso, hakuna kani, yaani hakuna msukumo. Sifuri. Na chembe iliyosimama haisukumwi na sumaku, hata sumaku iwe kubwa namna gani. Hesabu yenyewe inasema hivyo: F = qvB sin θ, ambapo F ni kani, q ni chaji, v ni kasi, B ni nguvu ya uga, na θ ni pembe kati ya mwendo na uga. Watunga mitihani wanaipenda sana hiyo sifuri, na wanafunzi wanapinda vidole dakika tano kutafuta upande wa kani ambayo haipo.

Sasa mkono, na ni wa kulia

Weka kalamu chini. Nimesema weka kalamu chini. (Anayeandika kwa mkono wa kushoto ana bahati yake hapa, wa kulia wake uko huru siku zote.)

Nyoosha mkono wa kulia kama unamdai konda chenji: kiganja kinatazama juu, vidole vinne vimenyooka mbele kuelekea ubaoni, kidole gumba kimefunguka kulia. Tulia hapo hapo. Kidole gumba kinaonyesha chembe inakokwenda. Vidole vinne vinaonyesha uga unakoelekea. Kiganja ndicho kinachosukuma. Kwa hiyo chembe chanya inayokwenda kulia, kwenye uga unaozama ubaoni, inasukumwa juu. Kama konda angekuwekea shilingi mia kiganjani, kani inaelekea kule ambako kiganja kingeirusha.

Kugawa kazi hizi kwa vidole si lazima uzikariri, zinajieleza. Chembe ni moja, na kidole gumba ni kimoja, kimetoka pembeni kama cha mtu anayeomba lifti. Mistari ya uga ni mingi, na vidole vilivyobaki ni vingi. Na ukitaka kusukuma mlango unatumia kiganja. Binti mmoja aliniambia, "Ticha, kumbe mkono ulikuwa unajua siku zote." Sikumbishia.

Hilo pozi la chenji ndilo nyumbani. Ukipotea, rudi nyumbani uanze tena: *kulia, ndani, juu*. Ukigeuza kinyume kitu kimoja kati ya mwendo na uga, kani inageuka. Ukigeuza vyote viwili, inabaki ilivyokuwa. Kuna maswali mengi unaweza kuyamaliza kwa kugeuza hivyo tu bila kuinua kidole.

Chaji hasi? Mkono ni uleule, vidole vilevile, ila sasa kinachosukuma ni mgongo wa mkono. Basi. Wapo wanaofundisha kuhamia mkono wa kushoto kwa elektroni, na kwa hesabu ni sawasawa kabisa. Mimi sifundishi hivyo, na sababu yangu umeshaisoma juu: mtu akiwa na wasiwasi anahamia kushoto halafu anageuza tena, na mara mbili geuza ni sawa na hujageuza. Sentensi ya tatu ndiyo inayoamua kiganja au mgongo, na inaamua mara moja tu, mwishoni.

Utakutana pia na kanuni ya mkono wa kushoto ya John Ambrose Fleming, mhandisi wa Uingereza aliyefundisha University College London. Kidole gumba ni kani, cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo wa umeme. Si kanuni mbovu. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya nyaya na mota, na mkondo kwa desturi huhesabiwa kwamba unatoka chanya kwenda hasi. Kwa elektroni inayokwenda kulia, kidole cha kati lazima kitazame kushoto. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Ukiwa umezoea Fleming, baki naye. Ila usichukue nusu ya kwake na nusu ya kwangu.

TV ya chogo, na kwa nini uhame wewe badala ya kupinda mkono

Baba yangu alikuwa fundi redio Morogoro. Kwenye kibanda chake kulikuwa na TV ya chogo ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, inchi 14, inayokula betri ya gari. Chogo lile halikuwa pambo. Ndani yake kuna bomba la kioo lililonyonywa hewa. Nyuma kabisa elektroni zinachomoka na kukimbilia mbele, na kila zinapogonga kioo kinang'aa. Picha yote ni elektroni zinazopeperushwa huku na huku kwa sumaku za umeme zilizovishwa shingoni mwa bomba. Kwa hiyo mtoto akisogeza sumaku ya spika pembeni, mtangazaji wa taarifa ya habari anavutika kichwa kama mpira wa manati. Nilifanya hivyo mara nyingi. Halafu nikafanya kwenye TV ya rangi ya mteja, doa la zambarau likabaki pale kwenye kona hata baada ya kuondoa sumaku, kwa sababu nyuma ya kioo cha TV za rangi kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu, na bamba likinasa usumaku linao. Fimbo niliyopata siku hiyo sitaieleza. Usijaribu kwenye ya rangi.

Tuitatue sasa ile nyeusi na nyeupe. Umekaa mbele unatazama. Nimeweka sumaku juu ya TV, uso wa ncha ya kaskazini ukitazama chini. Sentensi tatu: elektroni zinakuja nje, kwangu. Uga unaelekea chini. Chaji ni hasi. Haya, kidole gumba kifuani, vidole chini… na kiwiko kinaanza kulalamika. Mkono wa binadamu una mwisho wake wa kupinda, na mtu akifika mwisho huo anadanganya vidole bila kujijua.

Hama wewe. Kasimame nyuma ya TV, upande wa chogo, utazame kule elektroni zinakotazama. Sasa elektroni zinakwenda mbele yako na uga unashuka: kidole gumba mbele, vidole chini. Mkono unaning'inia wenyewe kama wa mtu anayesubiri daladala, kiganja kinatazama paja, yaani kushoto. Chembe chanya ingekwenda kushoto. Elektroni zinakwenda kulia. Lakini hiyo ni kulia ya mtu wa nyuma. Kwa waliokaa kwenye kochi, picha inahama kushoto kwao.

Kwenye chumba cha mtihani huwezi kuhama kiti, ila karatasi unaweza kuizungusha. Zungusha mpaka mkono ukae bila maumivu, soma jibu, irudishe karatasi pamoja na jibu lake.

Jaribio la sebuleni

Kama huniamini, tafuta sumaku ya duara kutoka kwenye spika iliyokufa, betri moja kubwa ya redio, na ukanda wa foili ya jikoni, upana wa kidole, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Ncha za sumaku hizo ziko kwenye nyuso zake bapa. Kujua ipi ni ipi, ifunge kwa uzi ining'inie wima kama sahani iliyosimama, mbali na nondo za dirisha, uiache itulie. Uso unaotazama kaskazini ndio ncha ya kaskazini. Dar kujua kaskazini hakuna shida: Makka iko karibu kwenye longitudo yetu, kwa hiyo kibla cha hapa ni kaskazini karibu kabisa. Uliza msikiti ulio jirani umeelekea wapi.

Laza sumaku mezani, ncha ya kaskazini ikitazama darini. Pitisha foili juu ya ubapa, usiipitishe juu ya tundu la katikati maana huko uga una mambo yake, na uiache ilegee kidogo. Ncha ya kulia ya foili igusishe upande hasi wa betri, ya kushoto upande chanya. Gusa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, uachie, foili inapata moto haraka. Mkondo unakwenda kulia, uga unapanda: kidole gumba kulia, vidole juu, kiganja kinakutazama usoni. Na foili inaruka kukujia. Geuza betri, inakukimbia.

Hapo huwa naulizwa swali zuri: ndani ya foili zinazotembea ni elektroni, zinakwenda kushoto, sasa mbona tumetumia mkondo wa kulia na jibu limetoka sahihi? Fanya mwenyewe. Kidole gumba kushoto, vidole juu, kiganja sasa kinatazama mbele, mbali na wewe. Lakini ni elektroni, kwa hiyo mgongo ndio unaosukuma, na mgongo unakutazama wewe. Jibu lilelile. Umegeuza mwendo, ukageuza na chaji.

Kusoma kinyumenyume

Jambo hili la kugeuza mara mbili si mchezo wa darasani. Mwaka 1932, California, Carl Anderson alikuwa anapiga picha za njia za chembe zinazotoka angani, zikipita kwenye chemba ya ukungu, chombo ambamo chembe ikipita huacha mstari wa ukungu, iliyowekwa ndani ya uga wa sumaku. Njia moja ilikuwa imepinda. Uga aliujua. Mpindo aliuona, kwa hiyo kani aliijua. Ila bado alikuwa na majibu mawili yanayofanana kama mapacha: ama ni elektroni iliyokuwa inashuka, ama ni chembe chanya iliyokuwa inapanda. Picha haina kichwa wala mkia, mstari ni mstari. Mkono peke yake usingemsaidia hata kidogo, kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa tupu.

Kilichomwokoa ni bamba la madini ya risasi, unene wa milimita 6, alilolitega katikati ya chemba. Chembe ikipenya risasi inachoka, inapoteza nishati, na chembe iliyopungukiwa nishati hupinda zaidi kwenye uga uleule. Kwenye picha, mpindo mkali ulikuwa juu ya bamba. Basi chembe ilitoka chini ikapanda. Sentensi ya kwanza ikajaa, na ya tatu ikajijaza yenyewe: chaji ni chanya. Urefu wa njia ile ulionyesha haiwezi kuwa protoni. Ilikuwa positroni, elektroni yenye chaji chanya, na mwaka 1936 Anderson akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo ukipewa mchoro wa njia iliyopinda ukaulizwa chaji, utaratibu ni uleule ila unaanzia nyuma. Tafuta kwanza inaelekea wapi. Kani siku zote huelekea ndani ya mpindo, kwenye kitovu cha duara. Weka kidole gumba na vidole, halafu tazama ni kiganja au mgongo unaotazama kitovu. Kiganja, chanya. Mgongo, hasi. Na kama uga umejaa sehemu yote, mzunguko haubadiliki: uga ukizama ubaoni, chembe chanya huzunguka kinyume cha saa, elektroni huzunguka kama saa. Kasi haiongezeki wala haipungui, kwa sababu kani inasukuma ubavuni tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko jirani zetu, Asmara. Mwaka 1933 Mwitaliano Bruno Rossi alipanda na vihesabio vya Geiger, vyombo vya kuhesabu chembe za mionzi, mpaka kwenye mji ule, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, enzi hizo Eritrea ikiwa koloni la Italia. Alitaka kujua mionzi ya angani, yaani zile chembe zinazotoka angani, ina chaji gani kabla haijagonga hewa yetu. Sumaku yake ilikuwa dunia yenyewe. Asmara haiko mbali na ikweta ya sumaku, mstari ambako uga wa dunia haupandi wala haushuki, kwa hiyo uga unaelekea kaskazini ukiwa umelala karibu sambamba na ardhi. Alipanga vihesabio kwa mstari ili vihesabu chembe zinazotoka upande mmoja tu wa mbingu, akavielekeza magharibi, akavielekeza mashariki, akalinganisha. Zilizotoka magharibi zilikuwa nyingi zaidi. Wengine walikuwa wameshapima jambo hilohilo mwaka huo huo kule jiji la Mexico na wakamtangulia kulitangaza, lakini jibu lilikuwa moja: sehemu kubwa ya chembe hizo ni chanya.

Unaweza kulihakiki ukiwa umesimama nje ya nyumba. Hapa Dar kuna nyongeza moja tu: tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, kwa hiyo uga wa dunia unaelekea kaskazini huku ukipanda angani kwa zaidi ya nyuzi 30. Sehemu hiyo inayopanda haiisukumi chembe inayoshuka wima, wako kwenye mstari mmoja, ile sifuri yetu. Inabaki sehemu ya kaskazini. Simama utazame kaskazini. Chembe inashuka: kidole gumba chini. Uga mbele: vidole mbele. Kiganja kimegeukia kulia, mashariki. Chembe chanya inayoshuka inasogezwa kuelekea mashariki, ndiyo maana anayeitazama ikifika anaiona kama imetoka magharibi. Ukifanya hivyo Kigamboni, kiganja chako kinatazama Bahari ya Hindi.